Bata Mzinga wa Kumrudisha Wahu

Jumatatu, 4 Julai 2005

Baridi. Ukungu umekaa juu ya Riruta tangu jana na hauonyeshi nia ya kuondoka. Redio inasema baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Wangeniuliza mimi! Nimelala na soksi mbili mbili, koti, na kofia ya sufu ya Wahu, na bado meno yamegongana usiku kucha. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Wahu bado yuko kwao Uthiru. Aliondoka siku ile saluni yake iliposhika moto. Sikuichoma mimi. Niliazima tu ile mashine ya kukaushia nywele, ile ya kufunika kichwa kizima, niwapashe joto vifaranga wangu. Mashine ikalipuka, vifaranga wakafa, na mteja mwenye rola kichwani akatoka mbio mpaka Naivasha Road. Wahu hakunipigia kelele. Alikunja nguo zake moja moja, akaziweka kwenye begi. Heri angepiga kelele.

Leo Ken kanipigia simu kazini. Ken ni mwanyumba wangu, maana yake amemwoa Ciru, mdogo wake Wahu. Anauza bima, ana gari, na hutabasamu hata akikohoa. Ametumwa na baba mkwe. Nifike Jumamosi na wazee wawili na mbuzi mmoja, tukae, tuzungumze, na mambo yakienda sawa nirudi nyumbani na mke wangu. Akaongeza kwamba mbuzi asiwe mwembamba. Alisema hivyo mara mbili! Yeye alipoenda kumposa Ciru alipeleka kondoo dume kutoka Molo, na mpaka leo baba mkwe humtaja yule kondoo kwa sauti ya upole asiyowahi kuitumia kwangu.

Mbuzi. Kila mtu hupeleka mbuzi. Lazima nipeleke kitu kitakachomfuta yule kondoo wa Ken kwenye kumbukumbu ya ukoo mzima. Lakini kitu gani? Sijui. Nalala.

Jumanne, 5 Julai 2005

Nimepata! Nimempata!

Kazi yangu ni kupima madirisha. Duka la mapazia la Bwana Kamlesh, Biashara Street, ndilo linalonilisha. Leo kanituma Muthangari kwa mteja anayeitwa Madam Tanvi, nyumba ya ghorofa yenye bustani inayoteremka hadi kwenye kichaka na kijito. Nilikuwa juu ya ngazi, futi mkononi, nikatazama nje. Chini ya mkaratusi, katikati ya ukungu, alikuwa amesimama bata mzinga. Dume! Mweusi, mpana, ngozi nyekundu ikining'inia kidevuni, kajikunyata kwa baridi mpaka shingo haionekani. Nikaandika upana wa dirisha mahali pa urefu.

Nilimuuliza Muli, bawabu wa pale getini. Akasema, "Huyo hana mwenyewe, boss. Alihepa Krismasi, nyumba ya huko juu, siku ya kuchinjwa. Wenyewe walishahama. Ukimshika ni wako." Akaniambia pia kwamba wengi wamejaribu. Mtunza bustani mmoja alidonolewa akaacha kazi. Madam Tanvi naye, ambaye nyama hali kabisa, akasema ndege huyo anachafua veranda yake kila siku na kwamba atakayemwondoa bila kumuumiza atakuwa amemfanyia hisani.

Bata mzinga ukweni! Nani amewahi? Mbuzi ana kilo ngapi za heshima akisimama kando ya mnyama kama yule? Ken atakunywa chai yake kimya. Wahu atacheka, na akicheka mambo yamekwisha. Sijamsikia akicheka tangu Aprili.

Jumatano, 6 Julai 2005

Nimewinda. Sikupata kitu ila mafua.

Jana jioni, nikitoka kazini, nilipitia kwa wauza vitabu vya kutandika chini, Tom Mboya Street. Mungu yuko. Jarida la wawindaji wa Marekani, jalada limechanika, na ndani yake makala nzima kuhusu kuwinda bata mzinga majira ya kuchipua, wakati baridi imezidi! Yaani mtu huko Marekani alikaa chini akaniandikia mimi. Sisi majira ya kuchipua hatuna, tuna Julai, lakini baridi ni baridi. Makala inasema hivi: keti chini ya mti mpana kuliko mabega yako, vaa rangi za majani, usitikisike, kisha umwite dume kwa sauti ya jike. Sauti hiyo hutolewa kwa kukwaruza jiwe bapa. Mimi nina chaki ya fundi cherehani na kigae cha bafuni. Nimejaribu nyumbani. Mzee Were, jirani yangu hapa kwenye ploti, alibisha mlango akauliza ni nani ananyongwa.

Alfajiri nikawa Muthangari. Nilimwambia Madam Tanvi kwamba vipimo vya jana lazima vihakikishwe. Nikajifunika sampuli ya pazia, ile ya kijani yenye majani makubwa, nikakaa chini ya mkaratusi nikaanza kukwaruza. Nikakwaruza mpaka vidole vikafa ganzi. Umande ulinipenya suruali. Dume alisimama ng'ambo ya kijito, kimya, akitazama mahali pasipo na kitu. Jarida linasema ni kawaida, katika baridi kali dume hana raha, haiti wala haitikii, hukaa tu. Namwelewa sana. Ningekuwa na manyoya ningekaa hivyo hivyo.

Muli alikuja kuniambia kwamba naonekana waziwazi mpaka barabarani, kwa sababu hakuna mti wowote Muthangari wenye majani kama yale ya pazia. Nikamwambia anyamaze, anatisha windo.

Jioni nikamweleza Mzee Were mpango wote, kwa kuwa yeye ndiye mmoja wa wazee wangu wawili wa Jumamosi. Wa pili ni baba mdogo Gacheru, ambaye hulala kwenye vikao vyote. Were ni mtu wa magharibi, amestaafu reli, na anajua heshima. Niliogopa atanikataza. Kumbe! Alinipa mkono. Kwao, alisema, ndege ndiye heshima yenyewe. Ndege ana viungo vyenye wenyewe: firigisi ni ya mwenye nyumba na hakuna anayethubutu kuigusa, paja la fulani, kidari cha fulani. "Mbuzi ni ya watu hawajui mtu," akasema. Nikaona wingu limenitoka moyoni. Kwetu pia mbuzi hugawanywa kwa mpangilio, kila kiungo kina mtu wake, na nilikuwa na wasiwasi kidogo hapo. Sasa sina.

Alhamisi, 7 Julai 2005

Siku mbaya. Manyunyu tangu asubuhi.

Kwanza Madam Tanvi. Nilipofika mara ya tatu na futi yangu, aliuliza kama madirisha yake yanarefuka kwa baridi. Nikasema mbao hucheza, madam. Akasema fremu zake ni za chuma. Nikapima upesi nikashuka bustanini.

Leo nilikuwa na kitu kipya: jike. Nimemshona mwenyewe usiku, mabaki ya velveti ya kahawia, sponji ndani, mkia wa brashi ya manyoya ya kufutia vumbi. Nilijidunga sindano mara nyingi mno. Wahu angemshona kwa nusu saa na jike angependeza. Nilimaliza nikamkalisha mezani mbele yangu, tukatazamana, na nikajisikia mpweke kuliko kabla sijamshona.

Dume alimwona. Shingo ikatoka! Akavuka kijito, hatua kwa hatua, akafungua mkia kidogo. Mkononi nilikuwa na neti ya pazia, nyeupe, ile ya sebuleni. Nikasimama nikairusha kwa nguvu zangu zote. Ilimfunika Muli, aliyekuwa amenyata nyuma ya mti ili aone. Muli akaanguka kijitoni na neti yake. Dume akapotea.

Nilirudi dukani na matope mpaka magotini. Kamlesh aliitazama neti, akaitazama sampuli ya majani, akanusa. Akaniuliza kwa utulivu, "Mungai, wewe napima dirisha ya nani, ya samaki?" Kisha akasema kosa moja zaidi nitafute duka jingine. Mtu huyu hajawahi kunionya kwa utulivu. Naogopa.

Saa ya chakula Ken akanivuta kwenye mkahawa mmoja Moi Avenue. Tabasamu, chai, mandazi. Akashusha sauti akasema amesikia kwa Ciru kwamba Wahu anataka kurudi. Analia usiku akidhani wenzake wamelala. Halafu akasema ana mbuzi wa ziada, mnene, amemfunga kwa jirani wa baba mkwe kule Uthiru. Nikifika Jumamosi nimchukue tu, nimwingize kama wangu, hatamwambia mtu. "Si lazima ujitese, bro. Ni goat tu."

Ni goat tu! Nilimwambia asante, nimejipanga. Sikumaliza mandazi. Nilitembea mpaka kituoni nikiwa na hasira, na hasira ilipoisha nikabaki na lile neno la Wahu kulia usiku. Nilitaka kushika njia ya Uthiru pale pale. Lakini mtu haendi kwa wakwe kabla ya siku aliyopangiwa, tena mikono mitupu, tena na matope.

Ijumaa, 8 Julai 2005

USHINDI!

Nilimwambia Kamlesh naumwa. Haukuwa uongo, pua haipitishi hewa. Alfajiri ukungu ulikuwa mzito, nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande, sijawahi kuona Muthangari hivyo. Nilimkalisha jike chini ya mkaratusi, nikakwaruza kigae mara moja tu, kidogo, kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimechoka. Nilimfikiria Wahu na nikakwaruza hivyo.

Akaitika! Kutoka ndani ya kichaka, kicheko kile chao cha kugugumia, ukungu wote ukatetemeka. Akatoka mbio, mkia wazi, mabawa yanaburura chini, uso umegeuka buluu. Alimzunguka yule jike wa velveti. Akamzunguka tena. Hakuniona hata kidogo. Neti sikuirusha, niliona aibu kumvizia mwenzangu katika hali hiyo. Nikamchukua jike kwapani nikaanza kutembea, na dume akanifuata.

Alinifuata! Nje ya geti, Muli akipiga saluti. Lavington nzima, kando ya kuta ndefu, mabawabu wakiitana watoke waone. Mama mmoja alishusha kioo cha gari akapiga picha kwa simu. Kawangware watoto walitushangilia. Nikikaza mwendo naye anakaza, nikipumzika anamwimbia jike wangu. Tulifika Riruta mvua ikinyesha. Mzee Were alivua kofia.

Amelala jikoni kwangu, jike kando yake. Ananuka vibaya sana. Lakini leo nyumba ina pumzi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu Wahu aondoke nimekula ugali wote.

Jumamosi, 9 Julai 2005

Sijui nianzie wapi. Nimekaa gizani kwa muda.

Tulifika Uthiru tumevaa suti: mimi, Mzee Were, baba mdogo Gacheru, na bata mzinga akimfuata jike wake. Nilimfunga nje, kwenye kamba ya nguo. Kulikuwa na ubaridi hata ndani, wazee wa baba mkwe wamejifunika blanketi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo na nilimwona Wahu. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau. Begi lake lilikuwa limefungwa, liko miguuni pake, tayari. Aliniona nikilitazama akatazama chini, lakini alikuwa karibu kutabasamu. Naapa.

Kwao, kabla neno halijasemwa, mzee mmoja hutoka kumkagua mbuzi. Mzee akatoka. Akakaa huko. Akarudi, akaketi, akavuta blanketi. Akasema kuna ndege nje. Baba mkwe akauliza kama ndege huyo amemsindikiza mbuzi.

Nikasimama nikaeleza. Nilieleza vizuri! Kwamba mbuzi kila mtu ana mbuzi, kwamba kwa binti kama Wahu nilitafuta kisichopatikana, kwa baridi hii, kwa mikono yangu. Gacheru alikuwa ameshalala. Hapo Mzee Were akainuka kunitetea. Akasema firigisi, ambayo kwa mnyama huyu ni kubwa ajabu, ni ya baba mkwe peke yake. Akaanza kugawa mapaja. Alimpa mama mkwe shingo. Wazee walimtazama kwa adabu, vile mtu humtazama mgeni aliyeingia matanga yasiyo yake.

Baba mkwe hakukasirika, na hilo lilinivunja zaidi. Aliuliza swali moja kwa upole: "Sasa Wahu atakula nini?" Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Katika nyumba yake, binti anayerudishwa kwa mumewe hapewi nafasi ya kusema ndiyo mbele ya wazee. Hupewa sikio la mbuzi. Akilila, amesikia, amekubali, begi linabebwa. Asipolila, kikao kimevunjika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama mkwe, na kwa mama yake. "Huyu wako," akasema, "sikio lake liko wapi?"

Bata mzinga hana sikio. Ana tundu.

Ndipo Ken akasimama. Bila tabasamu, nadhani ni mara ya kwanza. Akasema kwa heshima kwamba kuna mbuzi hapo kwa jirani, anaweza kuletwa mara moja, ni wa Mungai pia kwa sababu sisi ni wa nyumba moja. Baba mkwe aliitikia kwa kichwa. Wazee wakafunua blanketi kidogo. Mlango wa jikoni ukafunguka zaidi, na nikaona mkono wa Wahu umeshika begi.

Nikasema hapana. Mdomo wangu wenyewe ulisema. Nilisema mimi si mtu wa kumchukua mke wangu kwa mbuzi wa Ken. Nikasema nimekuja na changu na changu kinatosha.

Mlango wa jikoni ukafungwa, taratibu tu, mpaka komeo likalia. Kikao kimeahirishwa mpaka baba mkwe atakapoita tena, na safari hii sherti niwe na mbuzi. Bata mzinga amebaki huko. Mama mkwe amempenda, anasema atakuwa analinda nyumba, na ndege mwenyewe alikataa kuondoka kwa kuwa jike alikuwa ameshaingizwa jikoni. Kwa hiyo usiku huu bata mzinga amelala kwa joto la moto, karibu na mke wangu. Mimi niko hapa.

Jumapili, 10 Julai 2005

Sikwenda kanisani. Mvua. Mzee Were aliniletea uji akasema wale watu hawajui mnyama mzuri. Nikamwambia asante. Nilifua suti. Haikauki.

Najuta. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: najuta. Ningesema ndiyo, sasa hivi Wahu angekuwa anagombana nami juu ya harufu ya jikoni.

Jumanne, 12 Julai 2005

Kamlesh ameniondoa kwenye kupima. Mapazia ya Madam Tanvi yalifika. Vipimo vya siku ya kwanza ndivyo vilivyotumika, vile vya upana mahali pa urefu. Sasa nakunja vitambaa nyuma ya duka, pasipo na dirisha. Nimekuwa na nafasi ya kufikiri. Nimefikiri sana, kwa uaminifu, juu ya kosa langu.

Jumatano, 13 Julai 2005

Nimeliona kosa! Nilikuwa nakunja shiti, likaja lenyewe.

Saa ya chakula Ciru alifika dukani, koti limelowa. Alikuwa na ujumbe wa Wahu. Wahu anasema mbuzi. Mbuzi yeyote, hata mwembamba, hata wa Ken, hata wa kuazima na kurudisha. Sikio atalila akiwa amefumba macho, baba yake amekubali kukaa Jumamosi hii kama nitatuma neno leo. Anasema kule Uthiru kuna baridi na amechoka. Ciru alisema maneno hayo akinishika mkono, akarudia, akauliza kama nimeelewa.

Nimeelewa! Nimeelewa kuliko walivyotarajia. Nilimwambia Ciru amwambie Wahu asubiri kidogo tu, mpaka Septemba hivi, Oktoba ikizidi. Tatizo halikuwa ndege. Tatizo lilikuwa sikio. Na ni mnyama gani ana masikio kuliko wote? Mbuzi? Mbuzi wa Ken ana masikio ya kuning'inia tu. Sungura! Muli ana binamu anayefuga, atanipa dume na majike, nitawaweka chini ya kitanda ambako sasa kuna nafasi tele, wazaane. Nitaingia Uthiru na kreti nzima, masikio yamesimama wima, na Wahu atachagua mwenyewe alitakalo.

Ciru akafunga vifungo vya koti lake, akatoka mvuani bila hata kuaga. Alikuwa na haraka ya kumfikishia Wahu habari njema.